Kona Inayokula Kokoto

Mimi Apondi nauza chai, uji na mandazi kando ya Outer Ring, pale unapokata kuingia Donholm, na jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa Kiema wa kokoto. Kama hujawahi kuwa na jirani wa kokoto, mshukuru Mungu wako. Asubuhi lori likimwaga mawe, mimi nafunika mandazi. Mchana akichekecha, nafunika tena. Jioni wateja wananiambia uji una mchanga, namgeukia Kiema nampa maneno yake, naye ananisikiliza akiwa ameegemea sepetu, halafu anasema, "Shemeji, huo mchanga ni zawadi." Tuligombana mpaka watu wa pale wakasema sisi ni mume na mke. Nikawaambia washindwe! Mume wangu mimi hawezi kuwa mtu wa kulamba mawe.

Maana alikuwa analamba, si utani. Mteja akija kutaka mawe ya kupamba nyumba, Kiema anachukua jiwe moja, analipangusa kwa shati, analilamba, analiinua juani. "Hivi ndivyo litakavyokuwa mvua ikinyesha," anamwambia. Alisema jiwe likiwa kavu linadanganya, vumbi hulifanya kila moja kuwa la kijivu, na mtu akinunua rangi ya vumbi atajuta siku ya mvua. Mimi nina jagi la maji hapo hapo. "Kiema, si uchovye tu huku?" Hataki. Maji ni ya chai, anasema, ulimi ni wake.

Alikuwa Mkamba wa Makueni, mwembamba, mgongo umepinda kidogo kwa kazi. Alikuja Nairobi akiendesha lori la machimbo ya mawe, na mwenye lori alipoliuza, Kiema alibaki na lundo la mwisho alilokuwa amelimwaga kando ya barabara. Akaliuza, akaagiza lingine, na hivyo ndivyo alivyoota mizizi karibu na jiko langu. Mkewe, Mukai, anafanya vibarua kwenye viwanda vya Industrial Area, na nyumba yao iko Mukuru kwa Reuben. Jumapili Kiema aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na wiki nzima mimi ndiye niliyesikilizishwa hiyo besi. Nilimpenda sana yule mtu. Nasema waziwazi, kwa sababu watu walisikia nikimtukana tu.

Sasa, kazi yake. Ukitaka kumwaga kokoto uani kwako ili usikanyage matope, unamwita aje aone. Hakuja na futi. Urefu na upana alipima kwa kiatu chake, na kina alipima kwa vidole: vidole vinne mahali pa watu kutembea, kiganja kizima mahali pa kupitisha gari. Akishapata hesabu yake aliongeza juu yake kitu ambacho wauza kokoto wetu wote wa huku huongeza, na walikiita fungu la udongo.

Udongo wetu wa Eastlands ni mweusi, na una tabia mbaya. Kiangazi unapasuka hata ndara inaweza kutumbukia ndani ya ufa. Mvua ikinyesha unakuwa gundi, unavimba, unainua sakafu za watu. Ukimwaga mawe juu yake, yale ya kwanza yanazama tu, unayatafuta huyaoni. Kwa hiyo unakadiria kokoto za watu, halafu unakadiria na za udongo. "Udongo wa huku lazima ule kwanza," Kiema aliwaambia wateja. "Ukishiba, utakuachia." Wenye malori walisema hivyo, mafundi walisema hivyo, hata mimi wa mandazi nilisema hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza udongo unakula mpaka wapi.

Jacklyne alikuja kwake wakati wa jua kali, mwezi wa pili. Ni dada anayeuza kwenye duka la dawa ndani ya estate, mtaratibu, wa watu wa kwetu magharibi kama mimi. Anaishi na baba yake, mzee Okumu, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Macho ya mzee yamefifia, anaona vivuli. Masikio ndiyo usiseme, ukitaka akusikie unainama unampigia kelele sikioni. Mvua za mwaka uliotangulia mzee aliteleza kwenye matope ya uani, akavunjika nyonga, akalala hospitali mpaka tukadhani harudi. Daktari alimwambia Jacklyne kwamba akianguka tena, asitarajie kumrudisha nyumbani.

"Kwa hivyo mimi sitaki urembo," Jacklyne alimwambia Kiema. "Nataka baba yangu akae uani kwake, atembee, asianguke tena. Ni hilo tu."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye mawe meupe ya mviringo, yale laini ya kupendeza. Sisi wanawake tunajuana. Kiema hakubisha. Alimwaga ndoo ya yale meupe chini, akamwaga na ndoo ya kokoto za kijivu zilizopasuliwa kwa mashine, zenye kona, ndogo za kiasi cha ukucha wa kidole gumba. "Funga macho utembee juu yake, dada," akamwambia. "Baba yako anatembea hivyo." Jacklyne akafunga macho. Kwenye meupe mguu ulimteleza, nikamdaka mimi, tukacheka sana. Kwenye zile za kona alipita vizuri, maana zinabanana, hazibingiriki. Akachagua hizo. Kufikia hapo Kiema hakuwa amekosea kitu.

Nyumba ya Jacklyne ni ya mwisho kabisa upande wa nyuma, yenye geti la kijani. Siku Kiema alipokwenda kupima nilikuwa nampelekea Jacklyne mandazi, kwa hiyo niliona. Ua ni mdogo. Kuna kibaraza cha simiti, halafu udongo mtupu mpaka kwenye ukuta wa nyuma, na kwenye kona ya ukuta ndipo jua la asubuhi linapopiga. Hapo ndipo mzee anapopenda kiti chake. Kiema alipita na kiatu chake mpaka kufika ile kona, akasimama. Ardhi ilikuwa imebonyea kidogo. Akapiga kisigino, akapiga tena, akainamisha kichwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hapa udongo una njaa," akasema. "Nitapaongezea."

Yeye na vibarua wake walifanya kazi nzuri, siwezi kusema vingine. Walitandika maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, wakaishindilia, wakaweka plastiki nyeusi ili magugu yasiote, juu yake kokoto. Mimi niliwapelekea chai. Walipokuwa wanashindilia ile kona, nikasikia chuma cha kushindilia kikilia tofauti. Uani kote kilikuwa kinasema du, du, pale kikasema kama mtu anayegonga pipa. Vibarua wenyewe waliangaliana. Kiema akasema ni nyufa za kiangazi, huko chini pamepasuka, mvua itafunga. Tukaamini. Angekuwa mtu mwingine ningebisha, mimi najulikana kwa kubisha, lakini Kiema na mawe?

Mzee Okumu alifurahi jamani. Alikuwa anavuta kiti chake cha plastiki asubuhi, krak krak krak juu ya kokoto, mpaka konani kwake, na fimbo yake, na kikombe chake kikubwa cha chai. Jacklyne aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu hospitali anafungua duka bila moyo kumpiga.

Haukupita muda mrefu akaja kwa Kiema. "Kona imeshuka," akasema. Kiema akapakia wilibaro, akaenda akajaza, akarudi akiimba. Baadaye tena, imeshuka. Akajaza tena, safari hii akaniambia plastiki imevutika kule chini, imenyooka kama ngozi ya ngoma. Lakini bado wimbo ulikuwa ule ule: udongo mweusi, haujashiba. Wauza kokoto wenzake wa upande ule mwingine wa barabara wakacheka. Wakasema kuna ua mmoja kule Tassia ulikula lori zima.

Halafu wakaanza mende. Jacklyne alikuja kwangu kununua uji wa mzee, akasema anashangaa, mende wanatoka kwenye kokoto, kwenye ile kona tu, wakubwa wekundu, na pale hakuna chakula wala takataka. Anapulizia dawa, kesho wapo. Mzee hawaoni, wanapanda mpaka kwenye fimbo yake. Nikamwambia Kiema jioni ile. Akaweka sepetu chini, akaangalia upande wa zile nyumba za nyuma.

Mvua ikaja. Unaijua mvua yetu ya mwezi wa nne, ikianza haina adabu. Ilinyesha usiku, ikanyesha mchana, barabara ikawa mto, na biashara yangu ikawa kusimama chini ya turubai nikiangalia maji. Asubuhi moja ilikatika kidogo, jua likachungulia. Kiema alikuja kunywa chai, akakaa kwenye benchi, hakugusa andazi.

"Shemeji," akasema, "mlango wangu Reuben haufungiki."

"Ununue mwingine."

"Haufungiki kwa sababu udongo umevimba, umeinua kizingiti. Kila mwaka ni hivyo. Udongo mweusi ukilowa unapanda." Akageuza kikombe mkononi. "Jana jioni nilipita kwa Jacklyne. Ile kona imeshuka tena, imekuwa kama bakuli. Kila mahali unapanda, pale unashuka. Mbona unashuka wakati wa kuvimba?"

Nikafanya mzaha. Nikasema labda pale umezoea kulishwa. Hakucheka hata kidogo, aliangalia tu yale matope ya barabarani. Nikaona kwamba Kiema anaogopa, na mimi nikaanza kuogopa bila kujua naogopa nini.

Wakati huo akaingia Nyongesa, fundi wa mabomba, na mkoba wake wa spana. "Niaje, mathe, weka chai ya moto." Nyongesa ameziba na kuzibua mabomba ya upande huu tangu akiwa kijana. Kiema akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama kule nyuma, nyumba za mstari wa mwisho, chini kuna bomba lililopasuka.

"Bomba hakuna," Nyongesa akasema, akipuliza chai yake. "Kule laini ya maji taka ilichelewa kufika. Zile nyumba zilianza na mashimo. Mashimo marefu ya choo, buda, siyo mchezo. Kila ua na lake, kwenye kona ya nyuma."

"Yalijazwa?"

"Nani ajaze? Laini ilipokuja walipanga mbao juu, wakaweka mabati, wakatupa udongo, wakapanda sukuma. Mwenye nyumba akauza, aliyenunua naye akauza. Nani atakwambia?"

Kiema aliweka kikombe chini. Uso wake sitausahau mpaka nife. "Ngai," akasema. "Nimemwaga lori la kokoto juu ya mbao zilizooza. Na mzee anakaa hapo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sisi tulikuwa tumeziba ufa kwa mawe, na mawe ndiyo yaliyokuwa yanaubomoa. Kila wilibaro aliyoongeza ilikuwa inazisukuma zile mbao. Alikuwa ameshasimama, simu sikioni, anampigia Jacklyne. Ikaita ikakatika. Akapiga tena. Jua lilikuwa limetoka, na sote tulijua jua likitoka mzee yuko wapi.

Akaanza kukimbia. Nyongesa nyuma yake na mkoba unalia, na mimi nyuma yao, nimeacha jiko linawaka na sufuria juu. Mimi mwili wangu si wa kukimbia, lakini siku ile nilikimbia. Njiani nilikuwa naomba Mungu mzee awe amelala, awe na homa, awe na lolote la kumweka kitandani.

Geti lilikuwa limerudishwa tu. Tukaingia. Mzee Okumu alikuwa konani, kwenye kiti chake, kikombe mkononi, uso ameuelekeza juani. Miguu ya nyuma ya kiti ilikuwa imezama, kwa hiyo alikuwa ameegemea nyuma kama mtu aliye kwenye kochi, ameridhika. Kokoto zilikuwa zinamteremkia taratibu kutoka pembeni, moja moja, tik, tik.

Kiema akanyoosha mkono akanizuia kwenye kibaraza. "Usikanyage," akasema. "Mtu yeyote asikanyage." Halafu akaita, "Mzee! Mzee Okumu!"

Mzee akageuza kichwa. "Nani huyo?"

"Ni mimi Kiema! Wa kokoto! Simama polepole, mzee, uje huku!"

"Nani?"

"Kiema! Njoo huku kibarazani!"

"Niende huko?" Mzee akakunja uso. "Wewe ndiye mgeni, mimi ndiye niko nyumbani. Ni adabu gani hiyo ya kunipigia kelele kutoka mlangoni kama mtu anayeuza samaki? Kama umekuja kunisalimia, njoo unipe mkono."

Mimi nikaingilia kwa Kijaluo, nikamwambia baba inuka, kuna hatari. Hakusikia ila sauti ya mwanamke. Akatikisa mkono kunifukuza, na alipotikisa, kiti kikashuka tena kidogo. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili.

Nyongesa alitaka kwenda amnyakue. Kiema akakataa. Akasema wakiwa wawili na mzee wa tatu, wote watazama. Kando ya kibaraza kulikuwa na ubao mpana wa mafundi wa rangi. Kiema akauchukua, akaulaza juu ya kokoto, akausukuma mpaka ukafika karibu na miguu ya mzee. Akavua viatu. Akanitazama akasema, "Shemeji, mimi ndiye mwepesi." Kisha akalala kifudifudi, akatambaa juu ya ubao. Mtu mzima, mtu wa besi, anatambaa kama mtoto.

Alipofika akapiga magoti akatoa mkono. Mzee akaupapasa, akaushika, uso ukafunguka. "Kumbe ni wewe! Wa kokoto!" Na hapo ndipo nilipotaka kupiga mayowe, maana wazee wetu wakikushika mkono hawauachi. Hujambo? Sijambo, mzee. Watu wa nyumbani kwako? Hawajambo. Mama watoto? Hajambo, yuko kazini. Na huko kwenu Ukambani mvua imenyesha? Imenyesha, mzee. Kiema alijibu yote, kila moja, kwa sauti kubwa ya kuimba, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Alijua akimvuta kwa nguvu mzee atashtuka na kujibwaga tena kitini. Chini ya ile sauti yake nilisikia nyingine, ya mawe yanayodondoka mahali mbali, kwenye maji.

"Sasa mzee," Kiema akamwambia sikioni, "Jacklyne anakuita. Shika fimbo. Nitakusimamisha."

Mzee akasimama. Ubao ule ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu mmoja huyo haoni. Hangeweza kuupita akiwa na Kiema mbele yake. Kwa hiyo Kiema akateremka, miguu mitupu kwenye kokoto, akampandisha mzee kwenye ubao, akamwelekeza mabega. "Nyoosha tu, mzee. Fimbo mbele." Mzee akaja, hatua ndogo, akilalamika kwamba kikombe chake kimebaki. Nyongesa alikuwa amepiga magoti kwenye ncha ya kibaraza, mikono imenyooshwa. Akamshika kiuno.

"Mshikeni vizuri," Kiema akasema.

Ni hayo tu aliyosema. Nilimwona anaangalia miguu yake. Halafu kona yote ikaenda. Haikutoa mshindo, ilivuma tu, ikateremka na kiti, kikombe, ubao, plastiki, na Kiema katikati, mikono juu. Na kokoto zikamfuata. Uani kote zikaanza kuteremka kuelekea pale shimoni, zile ndogo zenye kona, nzuri, alizozipendekeza yeye, zikamiminika juu yake mpaka hatukuona hata vidole.

Yawa! Nilipiga mayowe mpaka koo likakauka. Majirani wakaja na ndoo, na masepetu, na mabati ya kuzuia. Wanaume wakajifunga kamba. Wakitoa ndoo moja, zinaingia mbili, zenyewe tu, zinateremka. Jacklyne akafika mbio na koti lake jeupe la duka, simu mkononi, alikuwa ameona wakati huo tu kwamba amepigiwa. Tulimketisha mzee kibarazani, ameupa ua mgongo. Alikuwa anauliza, "Hizo ni kokoto zingine zimeletwa? Mbona kelele nyingi?"

Mimi nikampigia Mukai. Kwetu huku habari ya kifo haitolewi kwa simu. Unamwambia mtu mgonjwa wake ameumia kidogo, aje. Akifika unamkalisha, watu wawili wanamshika mikono, mwingine ana maji, ndipo anaambiwa. Wakati ule hata mimi bado nilikuwa na tumaini. Kwa hiyo nikasema, "Mukai, njoo Donholm, Kiema ameumia kidogo." Akauliza kidogo namna gani. Nikasema njoo tu.

Walimtoa. Sitasimulia walivyomtoa. Jirani mmoja ambaye ni nesi alimshika shingoni, akamshika tena, akatikisa kichwa, nami nikafungua leso yangu nikamfunika. Tukapanga haraka haraka, sisi wanawake. Mimi nitamsubiri Mukai getini na kiti, nimzuie asiingie mpaka akae. Nikachukua kiti nikaanza kwenda.

Nyuma yangu mzee Okumu alikuwa amesimama. "Kiema yuko wapi?" akauliza. "Yule kijana amekuja kunisalimia, hajaniaga."

Jacklyne akamwambia kwa sauti ya chini, akilia. Mzee hakusikia. "Unasema nini?" Akamwambia tena. "Sisikii. Basi nitamfuata mwenyewe kule konani." Na mzee akageuka, fimbo mbele, akaanza kushuka kutoka kibarazani kuelekea shimoni. Jacklyne akamrukia, akamkumbatia kwa nguvu, akamweka mdomo sikioni, akapaza sauti yote Mungu aliyompa.

"Baba, usiende! Kiema amekufa! Kokoto zimemfunika, baba, amekufa!"

Nilipogeuka, Mukai alikuwa ameshashika geti la kijani, na bodaboda aliyemleta hajazima hata pikipiki. Hakumwangalia Jacklyne. Aliniangalia mimi, na kile kiti mkononi mwangu.

"Apondi," akasema, "uliniambia ameumia kidogo."